Nzilo nayo iko na kazi: mtoto wa mchimbaji anaweza kuwa shefu wa ziwa na wa pori

Jumamosi moja, kisha mkutano wetu wa sendika hapa Kolwezi, papa mmoja wa kazi alinishika mkono akanivuta pembeni. Alikuwa na binti yake. Binti amepata diploma ya serikali, na asilimia yake ni nzuri. Papa anataka aende kusoma mambo ya mine. Binti anataka agronomi.

«Delege, umwambie huyu mutoto,» papa alisema. «Mimi nimefanya miaka makumi mbili mu vumbi ili batoto yangu basilime. Sasa yeye anataka niuze kiwanja aende Lubumbashi kujifunza kulima!»

Binti alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha akasema polepole: «Papa, haiko kulima. Ni kusimamia.»

Papa alicheka. Watu waliokuwa karibu walicheka pia. Mimi sikucheka, juu nilikumbuka mabwawa ya mzee wangu. Leo nataka niwaelezee ile habari, kwani inagusa familia nyingi za hapa kwetu: Kolwezi, Fungurume, Kasumbalesa, Likasi. Nataka kusema juu ya kazi ambazo haziko chini ya udongo: kazi ya ziwa, ya miti na ya nyama wa pori. Na sisemi juu ya kuvuta wavu tu ao kubeba fuko la makala juu ya kinga. Nasema juu ya kuwa shefu wa kazi hiyo, mtu mwenye ofisi, mwenye kaye, mwenye watu chini yake na mshahara ku mwisho wa mwezi.

MABWAWA MATATU

Wazee wanakumbuka mwaka 2003. Ni mwaka wa «depa volontere». Gécamines ilipunguza watu, na wafanyakazi 10,655 walitoka mu kazi na pesa ya mara moja. Mzee wangu alikuwa wa umri ule, naye alirudi nyumbani na pesa yake ya kutoka mu kazi. Majirani wengine walinunua taksi, wengine walimaliza nyumba, wengine walikula na marafiki mpaka ikaisha. Mzee wangu alikuwa mtu wa akili. Alisema: «Watu hawaachi kula samaki.» Akatafuta uwanja karibu na mto mdogo nje ya mji, akalipa vijana, wakachimba mabwawa matatu. Akanunua vifaranga vya tilapia.

Kila asubuhi alikwenda kuwatupia pumba ya muhindi. Miezi nane. Siku ya kuvuna tulikwenda jamaa yote, mama na bashangazi na mabeseni juu ya kichwa, watoto wanaimba. Tukafungua maji. Na mule mu matope tukaona samaki elfu na elfu, lakini kila mmoja urefu wa kidole.

Hakuna mtu aliyemroga. Tilapia anaanza kuzaa akiwa na karibu miezi tatu, hata kama bado ni mdogo. Ukiwaacha dume na jike pamoja, hawaachi kuzaa, bwawa linajaa watoto, chakula hakitoshi, na hakuna anayekua. Fundi wa samaki anajua dawa yake: kuchagua madume peke yake, ao kutia kambale wachache wale vifaranga vinavyozidi, ao kutoa wadogo mara kwa mara. Mzee wangu hakujua. Na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Tena kulikuwa ugonjwa wa pili. Samaki wachache walionenepa, mjomba alichukua kilo tano, «nitalipa mwisho wa mwezi». Jirani alichukua. Mchungaji alipata zake. Hatukuandika kitu. Wazee wa pwani wana neno moja, mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu ilikuwa vile vile kabisa. Mwaka wa pili, mvua ya mwezi wa kwanza ilivunja ukuta wa bwawa moja. Pesa ya kutengeneza haikuwa. Mpaka kufa kwake mzee alisema: «Maji ya pale ni mabaya.»

Maji hayakuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni kusimamia. Njo maana yule binti aliposema lile neno, sikucheka.

KATANGA ILIKUWA MWALIMU

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mambo haya yalijulikana hapa hapa kwetu zamani. Karibu na Lubumbashi kuna mahali panaitwa Kipopo. Miaka ya kisha vita ya pili ya dunia, Wabelgiji walikuwa na kituo pale cha kuchunguza ufugaji wa tilapia: anakula nini, anazaa lini, bwawa lichimbwe namna gani. Mwaka 1949 wataalamu Wabelgiji na Waingereza walikutana Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kuzungumza juu ya ufugaji wa samaki mu Afrika. Katanga ilikuwa mwalimu wa wengine.

Ku mwisho wa ukoloni, Kongo ilikuwa na mabwawa ya samaki zaidi ya 100,000. Kisha uhuru, mengi sana yaliachwa. Sababu ni ileile ya mzee wangu: samaki walibaki wadogo, na wale waliokuwa wanapita kijiji kwa kijiji kufundisha na kufuatilia hawakupita tena. Maji yalibaki, mikono ilibaki. Wasimamizi njo waliondoka.

Hapa nataka kila mchimbaji asikilize vizuri. Wewe uliyefanya kazi mu mine, kusimamia unakujua kuliko unavyofikiri. Unajua kwamba posta haianzi bila mkutano wa usalama. Unajua kwamba shefu wa posta anaandika raporo: masaa ya mashine, mafuta, tani zilizotoka, nani amekosa kufika. Unajua kwamba kipuri kinaagizwa kabla ya mashine kusimama. Hiyo akili yote, siku tunatoka ku mine, tunaiacha ku mlango pamoja na kofia. Tunafika ku bwawa ao ku shamba tunafanya kazi kama watu ambao hawajaona hata siku moja namna kazi inapangwa.

KAZI YA ZIWA

Tuanze na Nzilo. Lile ziwa si la Mungu peke yake. Barrage ya Nzilo juu ya Lualaba, ambayo wakati ule iliitwa Delcommune, ilianza kazi mwaka 1952 ili mine zipate umeme. Mto ukazuiwa, bonde likajaa maji, na samaki wakapata nyumba. Leo wavuvi wanaishi pale na mitumbwi yao. Lakini ukiuliza nani anahesabu samaki wanaotoka kila mwezi, nani anachunga mahali pa kuzaa, nani anakataza kuvua na chandarua, utaona watu wanaangaliana.

Angalieni Kariba, ku mpaka wa Zambia na Zimbabwe. Nalo ni ziwa la barrage. Mto Zambezi ulizuiwa mwaka 1958. Mwaka 1967 na 1968 walileta kapenta kutoka Ziwa Tanganyika wakamwaga mule. Kapenta akazaa, na kazi nzima ikazaliwa: vyombo vinavyovua usiku na taa, mahali pa kukausha, makampuni, mafundi wa mashine, wahasibu, na wasimamizi wanaotoa ruhusa na kuhesabu vyombo. Sisemi tumwage samaki wageni mu Nzilo. Hiyo ni kazi ya wataalamu kuchunguza kwanza. Nasema ziwa la barrage linaweza kuwa sehemu ya kazi sawa vile mine, kama kuna watu waliosoma kulisimamia.

Msimamizi wa ufugaji wa samaki anafanya nini? Anapima maji kila siku, hewa iliyo ndani yake na joto lake. Hapa Kolwezi tuko juu, karibu metre 1,400, na mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka mpaka tilapia anakula kidogo na hakui sana. Shefu mzuri anajua hiyo, anapanga kutia vifaranga ili miezi ya joto iwe miezi ya kunenepesha. Anahesabu chakula: kwa kupata kilo moja ya samaki atatoa kilo moja na nusu ao mbili za chakula kizuri. Akikosa ile hesabu, anauza kwa hasara bila kujua. Anapanga barafu kabla ya kuvuna. Na anatafuta mnunuzi mapema, kabla samaki hajatoka mu maji.

Mnunuzi yuko wapi? Yuko hapa. Kila mine kubwa inalisha watu wake mu kantini. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 juu ya sutretansi inasema kazi hizo zipewe makampuni ambayo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Basi jamaa anayeleta tilapia safi, uzito uleule kila wiki, na faktire yenye muhuri, ana nguvu ya kugonga ule mlango. Lakini kantini haitachukua samaki wa leo wako, kesho hawako. Inataka mtu anayesimamia.

Onyo moja kubwa: usichimbe bwawa chini ya ramble ao karibu na mto unaopokea maji ya kiwanda. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven ya Ubelgiji walitoa mwaka 2009 matokeo yao: watu wa Katanga wanaokaa karibu na mine na viwanda walikuwa na kobalti na madini mengine mingi mu mkojo. Madini yanaingia kwa vumbi, kwa maji na kwa chakula. Pima maji kwanza ku laboratware. Pesa ya kupima ni kidogo kuliko pesa ya mabwawa matatu.

KAZI YA PORI

Sasa pori. Makala tunayopikia bukari inatoka mu miti yetu ya miombo: mubanga, mutondo, kaputu na ndugu zao. Kila mwaka mama anasikia bei ya fuko inapanda, na dereva anaenda mbali zaidi kulitafuta. Mtu wa makala anafunika miti na udongo, anaichoma. Kilo kumi za mti zinampa kilo moja ao mbili tu za makala, kama anaipanga vibaya. Kupanga vizuri tanuru, kukausha mti kwanza, kuchunga moshi, hiyo peke yake inaongeza makala bila kukata mti mwingine.

Tena miombo ina zawadi: ukikata mti vizuri, kisiki kinachipuka. Adui wake ni moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, wakati nyasi zimekauka kabisa. Ule moto unaua machipukizi. Msimamizi wa pori anapanga kuchoma mapema, mwezi wa tano, wakati nyasi bado zina maji kidogo, ili moto mkali usipate chakula baadaye. Anagawanya pori vipande: mwaka huu tunakata hapa, pale hatugusi mpaka miaka fulani. Ni sawa na kupanga shimo la mine.

Mfano uko mu inchi yetu. Ku Mampu, juu ya plato ya Batéké upande wa Kinshasa, walianza mwaka 1987 kupanda akasia juu ya hektari karibu 8,000. Baadaye waligawanya lile pori kwa familia zaidi ya 300, kila moja hektari 25. Familia inapanda muhindi na muhogo katikati ya miti michanga, nyuki wanaleta asali, na miti ikikomaa wanakata makala, kisha mbegu za akasia zinaota tena kisha moto. Ile haiendi peke yake. Kuna watu wanaosimamia mipaka, moto, mauzo na ugomvi wa majirani.

Na mine yenyewe inahitaji watu hawa. Kode ya mine inadai kila kompani iwe na mpango wa kulinda mazingira na kuweka garanti ya pesa kwa kutengeneza udongo siku mine inafungwa. Kwa hiyo kuna ofisi ya mazingira, kuna pepinyeri ya miche, kuna watu wa kupanda nyasi na miti juu ya ramble. Mara mingi shefu wa ofisi ile anatoka mbali, na vijana wa hapa wanamwagilia miche kwa siku. Juu ya nini mtoto wa Kolwezi asikae mu kiti kile?

KAZI YA MBUGA

Wengi wetu tumezaliwa mu Lualaba bila kujua kwamba mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, ni jirani yetu. Kundelungu ilifuata mwaka 1970. Ku Upemba njo kumebaki punda milia wa mwisho wa inchi hii wanaoishi porini. Tangu mwaka 2017, shirika la serikali la ICCN linasimamia Upemba pamoja na shirika la Forgotten Parks. Mbuga si bunduki tu. Inataka mtu wa radio, fundi wa magari, mhasibu, mtu wa kutengeneza barabara, mtu wa kuongea na vijiji. Fundi mashine aliyefundishwa na mine anaweza kufanya kazi pale kesho.

Na mtu anaweza kupanda. Rodrigue Mugaruka Katembo aliingizwa mu jeshi kwa nguvu akiwa na miaka 14. Alitoka, na mwaka 2003 akawa mlinzi wa mbuga ya Virunga. Mwaka 2013 alikamatwa na kuteswa siku 17, juu alikuwa anapinga petroli kutafutwa ndani ya mbuga. Mwaka 2015 alikuwa mkuu wa Upemba, na 2017 dunia ilimpa tuzo ya Goldman. Mwingine ni Corneille Ewango, mtu wa mimea. Wakati wa vita alibaki ku Epulu mu pori la Ituri, akaficha makaratasi na mimea iliyokaushwa ili kazi ya miaka isipotee. Naye alipata tuzo ile mwaka 2005.

Sitaki kudanganya mtu. Kazi ya mbuga ina hatari. Virunga peke yake imezika walinzi zaidi ya 200. Na mlinzi anayeanza hapati mshahara wa mtu anayeendesha kamyo kubwa ya mine. Ukiingia, ingia ukijua.

NJIA YA MASOMO

Wazazi wananiuliza: «Tuanzie wapi?» Mimi si mwalimu, lakini nimeulizia, na hii njo njia.

Ku sekondari, seksio ya agrikole ao ya biokimia inafungua mlango. Kisha hapo kuna chuo kikuu cha Lubumbashi, chenye fakilte ya agronomi. Yangambi, upande wa Kisangani, ni jina la zamani mu mambo ya kilimo na misitu, na chuo chake kiko mpaka leo. Kwa yule aliyemaliza na anataka kupanda, kuna ERAIFT mu chuo kikuu cha Kinshasa, iliyoanza mwaka 1999 kufundisha kusimamia misitu ya tropiki.

Nje ya inchi, Garoua ya Kameruni ina shule ya wasimamizi wa wanyama tangu 1970, na wanafundisha kwa Kifaransa. Mweka ya Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, ilianza mwaka 1963. Pale ni Kingereza, lakini mtaani mtoto wako atajikuta nyumbani juu wanaongea Kiswahili.

Diploma peke yake haimfanyi mtu kuwa shefu. Wale niliowauliza wanarudia mambo matano. La kwanza, staji: mtoto aingie mu maji na mu miche tangu mwaka wa kwanza, asingoje kumaliza. La pili, kuandika raporo kwa Kifaransa safi, na Kingereza kidogo. La tatu, ordinatere, zaidi ile programu ya kuhesabu na mistari. La nne, permi ya kuendesha gari. Mahali pa kazi ni mbali. La tano, kujua kuongea na wazee wa kijiji, kusalimia, kukaa chini na kusikiliza. Shefu ambaye hajui kuketi na shefu wa kijiji, pori lake litachomwa.

Na tafadhali, tusiseme hii ni kazi ya vijana wanaume. Ku soko la samaki, nani anajua bei ya leo, nani anajua mteja gani halipi deni? Ni mama. Anasimamia pesa kila siku bila diploma. Binti yake akipata diploma, nani atamshinda?

KWA YULE ALIYE MU KAZI TAYARI

Wewe wa miaka 45, usiseme muda umepita. Lakini usifanye kama mzee wangu, kungoja pesa ya mwisho ndipo uanze. Anza wakati bado una mshahara, na bwawa moja dogo, ili kosa lako la kwanza liwe la bei nafuu. Mtafute kijana agronome umlipe siku mbili kwa mwezi akupitie. Wakiwa watano wanatosha kufungua koperative ndogo kwa sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Wekeni mmoja wa pesa, mmoja wa kaye, na asiwe mtu yuleyule. Mjomba akitaka samaki, alipe ao aandikwe.

KILE SENDIKA INAPASHWA KUDAI

Hapa nasema na wenzangu wadelege. Tumepigania mshahara, kofia, matunzo ya hospitali, na tutaendelea. Lakini kode ya mine iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 ilileta kitu ambacho hatukitumii vya kutosha. Kila kompani inayochimba inatoa 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mine. Tena kuna ile karatasi ya ahadi kati ya kompani na vijiji, kaye de sharje. Kwa pesa ya redevanse, 15% inakwenda ku miji, komine na sekta, na 10% inawekwa kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja, siku madini haitakuwako.

Basi, vizazi vitakavyokuja ni nani? Ni yule binti aliyekuwa anaangalia viatu vyake. Darasa zikijengwa ni vizuri, pompe ya maji ni vizuri. Lakini tudai pia mambo matatu: pesa ya masomo kwa watoto wa hapa wanaosoma samaki, misitu na mazingira, staji ya lazima mu ofisi za mazingira za kompani, na mafunzo ya kusimamia kazi ndogo kwa kila mfanyakazi, miaka miwili kabla hajatoka. Haya yaandikwe mu konvansio. Neno la mdomo linapita na upepo.

Mtu atasema: «Delege, mine bado iko na miaka mingi.» Labda. Lakini ku mwisho wa 2019 Mutanda, moja ya mine kubwa za kobalti duniani, ilisimama juu ya bei, na ilichukua muda kufunguka tena. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje kwa miezi minne, ikaongeza miezi mingine, kisha ikaweka kiwango ambacho kila kompani haiwezi kupita. Serikali ilikuwa na sababu zake. Mimi nilikuwa nahesabu nyumba ambazo watu walipunguza sahani.

Turudi kwa yule papa. Nilimwelezea habari ya mabwawa matatu, sawa vile nimewaelezea. Alinyamaza muda mrefu. Kisha aliuliza neno moja tu: «Chumba mu Lubumbashi ni ngapi kwa mwezi?»

Nikajua kiwanja kitauzwa. Binti hakusema kitu. Alifungua saki yake, akatoa kaye ndogo na bika, akaanza kuandika bei ambazo baba yake anataja: chumba, mafuta, makala, transporo. Nilimwangalia namna alipiga mstari kugawanya ukurasa, huku pesa inayoingia, huku inayotoka. Lile bwawa la mzee wangu lingekuwa na mtu kama huyu, mpaka leo tungekuwa tunakula samaki.